Chuo Kilichotaka Kutia Saini Chenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini Gunvor alinipa mkataba wa kurasa sitini, rula na penseli, akaniambia nikae dirishani na nisirudi kwake mpaka niweze kumwambia nani atalaumiwa mambo yakiharibika. Hakuniuliza nimesoma wapi. Nilikuwa nimetoka Burundi miaka saba kabla, Kiswidi changu kilikuwa cha darasa la wageni na cha kusafisha sakafu za shule, na nusu ya maneno ya mkataba ule sikuyajua. Nilirudi kwake kesho yake mchana. Nikamwambia, "Tutalaumiwa sisi." Akauliza, "Ukurasa wa ngapi?" Nikamwambia wa hamsini na moja. Akanionyesha mahali pa kutundika koti langu, nikajua nimepata kazi.

Nawaandikia nyinyi mliobaki pale ofisini, na hasa wewe Aisha, uliyezaliwa hapa Stockholm, mtaa wa Hallunda, na ambaye najua utamwomba mama yako akusomee maneno magumu ya Kiswahili. Uliniuliza wiki yangu ya mwisho kwa nini rasimu zangu zote zina neno "rasimu" kwa wino mwekundu juu ya kila ukurasa, wakati kompyuta inaweza kuliandika yenyewe. Nilikujibu ni mazoea. Halikuwa jibu la kweli. Vyeo na mishahara sitavigusa, kwa sababu vyangu vilikuwa vya kawaida na havina hadithi.

Taasisi yetu, kama mnavyojua, hufanya utafiti wa maji na udongo, na kazi ya ofisi ya mikataba ni kusoma kila karatasi kabla mkurugenzi hajaitia saini. Gunvor alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu enzi za taipureta. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka kabla ya saa nne. Alinifundisha kusoma mkataba kuanzia mwisho, kwa sababu watu huficha mambo mazito nyuma wakijua msomaji amechoka. Alinifundisha pia kutoandika jambo nisiloliona kwa macho yangu, na kutoacha kuandika nililoliona. Hilo la pili ndilo lililonitesa.

Miaka michache baada ya mimi kuanza kazi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Staffan alikuja ofisini kwetu na barua mbili kutoka Marekani. Staffan alikuwa profesa wa kemia ya maji. Huku profesa huitwa kwa jina lake la kwanza. Ilinichukua miaka miwili kulitamka bila kutazama viatu vyangu. Maabara yake ilikuwa na mashine iliyoweza kutambua kama madini ya risasi yaliyomo ndani ya maji yametoka kwenye bomba, kwenye rangi ya zamani au kwenye kiwanda. Serikali kuu ya Marekani ilikuwa imetangaza zabuni ya kupima visima katika jimbo moja la kusini, na yeyote ambaye angeishinda angehitaji mashine kama ile. Wazabuni wawili walikuwa wametuandikia, kila mmoja akitutaka tuwe mkandarasi mdogo chini yake.

Barua ya kwanza ilitoka chuo kikuu kikubwa cha jimbo hilo. Ya pili ilitoka chuo kidogo, kimojawapo cha vile vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi zama walipokuwa hawaruhusiwi kuingia vingine. Mwalimu wa kemia wa chuo hicho kidogo alikuwa amekusanya maji ya visima vya mitaa ya jirani kwa miaka mingi. Lakini kila serikali ilipotoa mkataba, chuo kikuu kikubwa ndicho kilichotia saini, na chuo kidogo kilipewa chupa za kujaza. Anayetia saini ndiye anayechagua visima. Mtaa mmoja wa watu Weusi, nyuma ya kiwanda cha zamani cha betri, haukuwahi kuingia kwenye orodha hata mara moja. Safari hii chuo kidogo kilitaka kutia saini chenyewe.

Mkurugenzi aliamua kwamba kila mzabuni apimwe na ofisi yetu: je, anaweza kuubeba mkataba wa serikali bila kuanguka na kutuangusha? Gunvor alipewa kile kikubwa. Mimi nilipewa kile kidogo.

Staffan alinikuta kwenye meza ya kahawa. Hakuficha kwamba alipendelea chuo kikuu, ambako alikuwa na rafiki wa zamani. "Najua utawaonea huruma, Consolata," alisema. "Ni jambo la kibinadamu."

"Kama ningekuwa wa kuonea watu huruma, nisingepewa kazi hii," nilimjibu. "Ningeshonewa joho la kwaya."

Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua nikiwasifu watasema ni kwa sababu ya rangi yangu, na nikiwakosoa watasema hata Consolata amewakosoa.

Ofisi ya mikataba ya chuo kile ilikuwa ni mtu mmoja, Bi Verlene. Kwao Kusini kila mwanamke wa heshima huitwa Bi, hata na aliyemzidi umri, na aliponiita Bi Consolata mara ya kwanza nilijisikia niko kwetu Burundi, mtaani Buyenzi kwa shangazi zangu. Tulizungumza kwa simu kila Jumanne na Alhamisi saa tisa alasiri, kwao ikiwa saa tatu asubuhi. Nilimwomba nyaraka, naye akanitumia kwa posta sanduku zima. Karatasi za Marekani ni fupi na pana kuliko zetu na zina matundu matatu, wakati majalada yetu yana pete nne. Nilitoboa karatasi mia kadhaa kwa mkono. Binti yangu aliniuliza kwa Kiswidi kwa nini vidole vimevimba; nilimwambia ni utafiti wa kimataifa.

Nilisoma kuanzia mwisho, kama nilivyofundishwa. Kemia yao ilikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Lakini kulikuwa na mapungufu mawili yasiyofichika. Walimu waliofanya utafiti hawakuwa na rekodi za saa zao. Walifundisha madarasa manne, wakaenda kwenye visima Jumamosi, na hakuna aliyeandika saa ipi ilikuwa ya nini. Serikali kuu hailipi saa isiyoandikwa, na mkaguzi akikuta hali hiyo mkataba hufutwa. Pili, hakukuwa na daftari la makabidhiano ya chupa. Chupa ilitoka kisimani, ikafika maabara, na katikati hapakuwa na saini ya mtu. Maji ya namna hiyo yakipelekwa mahakamani, wakili wa kiwanda anayamwaga kwa swali moja tu.

Gunvor alisoma orodha yangu. "Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona kwamba hayapo."

"Basi mwambie yeye kabla hujaniambia mimi. Na mimi hujaniambia bado."

Alhamisi ile nilipiga simu saa yetu ileile. Nilimweleza Bi Verlene yote mawili, kwa utaratibu, bila kuyapunguza.

"Bi Consolata," alisema, "nimekaa kwenye kiti hiki miaka ishirini na sita. Kila baada ya muda anakuja mtu kutuambia tunakosa nini. Hakuna aliyewahi kuja kutuambia tutakipata wapi. Wale wakubwa wana watu kumi na wawili kwa kazi ninayoifanya peke yangu. Hiyo umeiandika?"

"Nimeiandika. Ukurasa wa kwanza."

"Na wewe uko upande gani?"

Niliogopa swali hilo tangu mwanzo. "Niko upande wa mkataba usiofutwa," nilisema. "Mkiupata kisha ukafutwa, hamtapewa mwingine kwa muda mrefu, na mtaa ule utabaki kama ulivyo."

Nilisikia anafungua droo. Kisha akasema, "Nipe wiki tatu. Na nitumie mfano wa hilo daftari."

Wiki zile tatu ndizo ninazozikumbuka kuliko miaka mingine yote. Tuliandika taratibu pamoja kwa simu, sentensi kwa sentensi. Yeye alijua watu wake: kwamba mwalimu wa kemia hatajaza fomu ndefu, kwa hiyo fomu ikawa kijitabu cha mfukoni. Mimi nilijua mkaguzi hupenda kuuliza nini. Kila chupa ilipata namba, na kila mkono ulioishika uliacha saini na saa. Aliwafundisha mhasibu wa chuo na katibu wa idara kazi yake mwenyewe, ili akiugua ofisi isifungwe. Siku moja aliniambia, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa, "Leo mkuu wa kitivo amejaza kijitabu chake. Amekosea tarehe, lakini amejaza."

Ripoti yangu ya mwisho ilisema yote: walikosa nini, wamefanya nini, nini bado. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na rasimu. Rasimu ilikuwa ya zile siku za mwanzo, kwa Kiingereza, ina mapungufu tu, haina marekebisho. Utaratibu ulitaka Staffan ahakiki sehemu ya maabara, kwa hiyo nilimpelekea rasimu nzima. Nilipaswa kumpelekea kurasa mbili tu, zenye neno "rasimu" juu yake. Hilo ni kosa langu, na naliandika hapa kwa sababu nimewaambia wengine makosa yao maisha yangu yote.

Jumatatu moja asubuhi Gunvor aliniita mezani kwake. Alikuwa anasoma maombi ya chuo kikuu kikubwa, waliyoyatuma tayari kwa serikali na nakala kwetu. Aliweka rula chini ya mstari mmoja na kunisogezea karatasi. Ilikuwa aya inayoeleza kwa nini mzabuni mwingine, ambaye hawakumtaja jina, hafai kukabidhiwa mkataba. Rekodi za saa hazipo. Chupa hazina makabidhiano. Na katikati ya sentensi, neno moja la Kiingereza lilikuwa limewekwa katika wingi ambao Kiingereza hakiukubali. Ni kosa la mtu aliyesoma kwa Kifaransa, kama nilivyosoma mimi Burundi. Lilikuwa kosa langu. Waliyanakili maneno yangu bila hata kuyasahihisha.

"Hii ni sentensi yako," Gunvor alisema.

Nilipanda ngazi kwenda maabara. Gunvor alikuja nami, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Staffan alitutazama, akatazama karatasi, akaelewa.

"Nilimwonyesha rafiki yangu tu," alisema. "Na sisi ni taasisi ya umma. Katika nchi hii kila mtu ana haki ya kuomba karatasi zetu."

"Karatasi iliyokamilika," Gunvor alisema. "Rasimu iliyo kwenye meza ya mtu bado si ya umma. Unalijua hilo tangu hujaota mvi."

"Yaliyoandikwa ni uongo?" Staffan aliniuliza mimi.

"Yalikuwa kweli siku niliyoyaandika," nilijibu. "Leo ni nusu ya kweli, na nusu nyingine, ripoti ya mwisho, unayo mezani. Hiyo hukumwonyesha."

Staffan aligeukia meza yake. Alianza kupanga kalamu zake.

Mkurugenzi alituita adhuhuri. Alikuwa mtu mpole asiyependa kelele. Alisema jambo hili litashughulikiwa ndani, kwa utulivu, na kwamba nisiwasiliane na Marekani mpaka mwanasheria atoe maoni yake. Mwanasheria alikuwa likizo mpaka wiki inayofuata. Mkaguzi wa serikali ya Marekani, anayewapima wazabuni kabla ya uamuzi, alikuwa anafika chuoni kwa Bi Verlene Alhamisi ya wiki ileile, siku tatu mbele.

Nilirudi nyumbani Bredäng jioni ile; sikumbuki nimepandaje treni. Nilikuwa na binti wa sekondari, nyumba ya kupanga, na kazi ambayo watu wa kanisani kwetu waliitaja wakiwatia moyo wageni wapya: mwone Consolata, alianza na ufagio. Kumwasi mkurugenzi halikuwa jambo dogo. Lakini akilini nilimwona Bi Verlene amekaa mbele ya mkaguzi, mkaguzi anafungua mkoba na kuanza kusoma maneno yangu, na yeye anayatambua.

Jumanne saa tisa kasoro dakika tano nilimwambia Gunvor kwamba nitapiga simu.

"Sikusikia," alisema. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu na simu yangu, akakunja mikono. "Sasa ninasikia. Piga."

Nilimwambia Bi Verlene kama nilivyomwambia yale ya mwanzo, kwa utaratibu. Kwamba rasimu yangu imetoka. Kwamba niliipeleka mimi kwa mtu niliyemwamini, na zaidi ya ilivyotakiwa. Kwamba iko mikononi mwa wapinzani wake na huenda mikononi mwa mkaguzi. Nilimwomba radhi. Sikuongeza kitu.

"Ukurasa wa ngapi?" aliuliza. Gunvor aliinua macho.

"Wa kumi na tisa katika maombi yao."

Aliandika namba hiyo. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilimwambia mume wangu kuhusu wewe. Nilimwambia safari hii nimempata mtu." Kisha akasema, "Sitalizungumzia hilo leo, sina nafasi. Nitumie zote mbili. Rasimu na ile ya mwisho. Leo."

"Rasimu pia?"

"Rasimu kwanza."

Nilizituma kwa faksi, karatasi ndefu za kwetu zikikatwa mistari ya chini upande wa kule, hata ikabidi nirudie kurasa tano.

Yaliyotokea Alhamisi alinisimulia yeye mwenyewe baadaye. Mkaguzi alikuwa mwanamume wa makamo, hana maneno. Kabla hajafungua mkoba, Bi Verlene aliweka rasimu mezani na kusema, "Haya ndiyo tuliyoyakosa." Kisha akaweka ripoti ya mwisho juu yake. "Na haya ndiyo tuliyoyafanya. Usiniamini mimi, zunguka." Mkaguzi alisoma zote mbili, taratibu. Akauliza amezipata wapi. "Kwa mwanamke aliyeziandika," Bi Verlene alijibu. Basi mkaguzi akazunguka. Alimsimamisha mwalimu wa kemia kwenye varanda na kumuuliza Jumanne iliyopita saa nne alikuwa wapi, naye akatoa kijitabu mfukoni. Alichukua chupa moja kwenye jokofu bila kuchagua na kufuata saini zake kurudi nyuma mpaka kisimani, kwa gari, kilomita nyingi, akagonga mlango wa mwenye kisima na kumuuliza ni nani aliyekuja na saa ngapi. Saa ikalingana. Aliondoka bila kusema ndiyo wala hapana.

Huku Stockholm nilipewa barua ya onyo kwa kukaidi agizo. Iliandikwa kwa adabu sana. Imo kwenye faili langu mpaka leo, mnaweza kuisoma, hiyo ni karatasi iliyokamilika. Staffan aliitwa kwa mazungumzo tu. Mwanasheria aliporudi likizo alisoma aya ya ukurasa wa kumi na tisa na kusema hatuwezi kushiriki katika maombi yaliyojengwa kwa karatasi iliyotoka kwetu namna hiyo. Taasisi ikajiondoa kwa chuo kikuu kikubwa, ikatia saini barua ya kuwa chini ya chuo kidogo. Kwa mwaka mzima Staffan alipita mezani kwangu kama anapita karibu na kabati.

Tulingoja majira yote ya baridi. Simu za Jumanne ziliendelea, lakini zilikuwa fupi, na aliniita Bi kwa namna ya mtu anayefunga mlango taratibu. Sikumlaumu. Jibu lilipokuja lilikuwa la nusu mkate: chuo kimepewa mkataba wa mwaka mmoja, na kila robo mwaka kitakaguliwa; kikifaulu, kitaongezewa miaka minne. Bi Verlene alinisomea barua yote kuanzia mwisho. Sikuwa nimemfundisha hilo.

Orodha ya kwanza ya visima iliyofika maabara yetu ilianza na mtaa wa nyuma ya kiwanda cha betri. Staffan alipima mwenyewe, na nitamtendea haki: alipima mara tatu. Risasi ilikuwa nyingi, na haikuwa ya mabomba wala ya rangi. Ilikuwa ya kiwanda. Aliniletea karatasi mkononi. "Watoto wanakunywa haya," alisema, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu ule mkutano kwa mkurugenzi. Wakili wa kiwanda aliuliza maswali yake yote kuhusu chupa, na kila swali lilikuta saini. Visima vilifungwa, mtaa ukaunganishwa na maji ya mji. Haikuwarudishia wale watoto miaka waliyokwisha kunywa maji yale. Mwalimu wa kemia aliandika hivyo kwenye ripoti yake, sentensi moja, na sikumshauri aiondoe.

Mkataba ulipofika mwisho wake, Bi Verlene alikuja Stockholm kwa kikao cha kufunga. Tulikuwa hatujawahi kuonana. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake, amevaa kofia ya kanisani siku ya Jumatano. Yeye ndiye aliyekuwa mkandarasi mkuu, kwa hiyo alikaa kichwani mwa meza, na Staffan akasimama kumtolea taarifa. Bi Verlene alimrudishia kurasa mbili azisahihishe. Wakati huo ofisi yake ilikuwa na watu watano, na vyuo vingine vya aina ya chuo chake vilikuwa vinamwita akawafundishe.

Jioni nilimchukua kwa treni mpaka Bredäng. Nilikuwa nimepika ndizi, maharage na samaki aina ya sangala wa kukaanga, na binti yangu, ambaye alikuwa mtu mzima sasa, alikaa nasi akizungumza Kiingereza kizuri kuliko changu. Tulikula. Tulizungumza juu ya maumivu ya magoti, kwaya, na mume wake aliyefariki mwaka uliotangulia. Binti yangu alipoinuka kuosha vyombo, Bi Verlene aliweka uma chini.

"Nina swali la siku nyingi," alisema. "Zile wiki tatu. Kama nisingeweza kurekebisha. Ungeandika kwamba hatufai?"

Ningeweza kumpa jibu la kumpendeza mgeni aliyesafiri mbali. Nilimtazama.

"Ningeandika."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara mbili, kama mtu aliyehakiki namba na kuikuta sawa. Kisha akasogeza sahani yake karibu nami.

"Niongezee samaki, Consolata," alisema.